Chevrolet 350 iliyofungwa kamshafti ya rola: dalili, chanzo na namna ya kurekebisha

V8 ndogo ya Chevrolet, ambayo 350 ni mojawapo, ilianza kutoka kiwandani Marekani mwaka 1955, na kwa zaidi ya miaka 30 ilitumia tapeti bapa, yaani vipande vyenye uso tambarare vinavyosukumwa na nundu za kamshafti (mhimili unaofungua vali). Tapeti ya aina hiyo inasugua nundu ya kamshafti moja kwa moja, na kinachoilinda ni zinki na fosforasi zilizomo kwenye oili. Daraja la ubora wa oili la API SM lilipoingia mwaka 2004, oili nyepesi kama 5W-30 na 10W-30 ziliwekewa kikomo cha fosforasi cha 0.08%, na tangu hapo kamshafti nyingi za zamani zimekwisha nundu mapema. Ndiyo maana wenye injini hizi, za magari na hata za boti, wanahamia kwenye rola, yaani tapeti zenye kigurudumu kidogo chini. Kamshafti ya rola haihitaji oili maalumu, wala ile kazi ya kuilaza (kuizoesha) kwa dakika 20 kwenye mizunguko 2,000 hadi 2,500 mara tu injini inapowaka.

Injini ikianza kusumbua baada ya kazi hii, mara chache kosa ni la kamshafti yenyewe. Angalia vitu vinavyoizunguka: pushrodi (fimbo kati ya tapeti na roka, ule mkono unaosukuma vali), gia ya distribyuta (kigawa cheche), springi za vali, kifuniko cha cheni ya kamshafti. Vyote vilipangwa kwa ajili ya tapeti bapa, na kila kimoja kina namna yake ya kulalamika.

Kwanza jua bloku uliyo nayo

Namba ya bloku (mwili wa injini) imetokeza kwenye chuma, nyuma, upande wa kushoto, kwenye ukingo unaopokea gia boksi. Bloku ya 3970010, iliyotumika sana miaka ya 1970, haina sehemu ya kufungia tapeti za rola za kiwandani. Humo unatumia tapeti za rola zilizounganishwa mbili mbili kwa kiungo cha chuma. Bloku ya 14093638, iliyoanza 1987, ina kingo ndefu za matundu ya tapeti na vinundu vitatu katikati ya bonde la tapeti kwa ajili ya kile kibati cha kuzishikilia. Lakini tahadhari: nyingi zilizowekwa kwenye malori zilitoka na tapeti bapa, na vinundu vile vipo bila kutobolewa. Ukivitoboa na kuvikata uzi, unatumia vifaa vya kiwandani, ambavyo ni nafuu zaidi.

Kamshafti za kiwandani za 1987 na kuendelea zina pua nyembamba inayoshikwa na bamba lenye bolti mbili, na matundu ya bolti za sproketi yamekaribiana zaidi. Ukiipata moja kwenye injini iliyochinjwa ukaitia katika bloku ya zamani, sproketi yako ya awali haitakaa na hakutakuwa na cha kuizuia kamshafti isitembee. Bloku ya zamani inunulie kamshafti iliyotengenezwa kwa ajili ya kubadilisha, yenye pua ya zamani.

Dalili: mlio wa tik-tik juu ya injini

Mlio wa dakika chache mara ya kwanza injini inapowaka ni wa kawaida, kwa kuwa tapeti zinajaa oili. Ukiendelea hata baada ya injini kupata moto, anza na marekebisho ya roka kabla hujafungua kitu kingine.

Zungusha krenki mpaka vali ya kutolea moshi ya silinda unayoshughulikia ianze kufunguka, kisha rekebisha vali ya kuingizia. Endelea kuzungusha mpaka ya kuingizia ifunguke yote na ikaribie kufunga, ndipo urekebishe ya kutolea. Fanya hivyo silinda moja baada ya nyingine. Mafundi wengi hukosea katika kutafuta sifuri. Wanasokota pushrodi kwa vidole na kukaza nati mpaka pushrodi igome kuzunguka. Tapeti mpya isiyo na oili ina springi laini sana ndani, kwa hiyo pushrodi itaendelea kuzunguka vizuri huku umeshaididimiza kupita kiasi. Ishike pushrodi na uichezeshe juu na chini badala ya kuisokota. Mchezo wa juu na chini ukiisha tu, hapo ndipo sifuri. Ongeza nusu mzunguko wa nati. Kwenye stadi (bolti inayoshikilia roka) ya inchi 3/8 yenye nyuzi 24 kwa inchi, nusu mzunguko unashusha kijiti cha ndani ya tapeti kwa inchi 0.035 hivi (milimita 0.9), na kwa tapeti nyingi hicho ni kiasi kizuri. Watengenezaji wachache wanataka pungufu ya hapo, na kipimo chao kiko kwenye karatasi ya ndani ya boksi.

Ukikaza kupita kiasi mlio unapotea kweli, lakini vali zinabaki wazi kidogo: injini inakosa nguvu, inatema kwenye kabureta, na kompresheni inashuka kwenye silinda kadhaa kwa pamoja. Legeza nusu mzunguko kila roka, pima tena.

Marekebisho yakiwa sawa na mlio upo, pima urefu wa pushrodi. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu mtu hununua pushrodi siku ile ile anayonunua kamshafti. Tapeti bapa za 350 hutumia pushrodi ya inchi 7.800 (milimita 198). Tapeti za rola ni ndefu zaidi, kwa hiyo pushrodi inakuwa fupi: inchi 7.200 kwa zile za kiwandani, na inchi 7.300 hivi kwa zile zilizounganishwa mbili mbili. Hiyo "hivi" ndiyo tatizo. Hedi iliyochongwa, gasketi nene, stadi tofauti au roka ya aina nyingine vinabadilisha jibu. Unahitaji pushrodi ya kupimia, ile inayorefushwa kwa uzi, pamoja na springi mbili laini za kupimia za kuweka badala ya zile ngumu, ili kijiti cha tapeti kisididimie wakati unapima. Paka wino wa maka kwenye ncha ya vali, funga roka bila mchezo, zungusha krenki mara mbili kamili, kisha fungua utazame alama. Alama nzuri ni mstari mwembamba karibu na katikati ya ncha. Ikiwa pana, badilisha urefu kwa inchi 0.050 na urudie, mpaka upate ule unaotoa mstari mwembamba kuliko wote. Ndipo uagize. Ukiwa Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, seti iliyokosewa maana yake ni wiki kadhaa za kusubiri mzigo mwingine.

Kuna milio mingine miwili inayodanganya. Roka za rola ni ndefu kwenda juu, na zinaweza kugonga ndani ya kifuniko cha vali. Fungua kifuniko, tafuta mikwaruzo inayong'aa. Gasketi nene au kifuniko kirefu kinamaliza kazi. Mwingine ni moshi unaovuja kwenye gasketi ya ekzosi. Huo husikika sana injini ikiwa baridi, na unapungua chuma kikishapata moto na kutanuka.

Dalili: taimingi inayumba

Elekeza taa ya taimingi (wakati wa cheche) kwenye puli injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini. Alama ikirukaruka digrii kadhaa mbele na nyuma, usikimbilie distribyuta. Kwanza shuku kamshafti kutembea ndani ya bloku.

Kwenye tapeti bapa, kila nundu ina mteremko mdogo sana, na chini ya tapeti pana mbinuko mdogo. Viwili hivyo huizungusha tapeti na wakati huo huo huisukuma kamshafti nyuma, ikatulia dhidi ya uso wa bloku. Nundu za rola ni bapa kabisa. Hakuna kinachoisukuma, kwa hiyo inaenda mbele na kurudi. Gia ya distribyuta ina meno ya mshazari, na kila kamshafti inaposogea, distribyuta inazungushwa kidogo. Hapo ndipo alama inayumba. Ikiachwa, sproketi inakwangua bloku, cheni inakwangua kifuniko, na tapeti zinaanza kupanda pembeni ya nundu.

Dawa ni batani, kile kizuizi kinachokaa mbele katikati ya sproketi na kuegemea kifuniko cha cheni. Mchezo wa mbele na nyuma uwe kati ya inchi 0.005 na 0.010 (milimita 0.13 hadi 0.25). Pima kwa geji ya mshale huku unaisukuma kamshafti taratibu kutoka kwenye bonde la tapeti kwa kijiti cha mbao, na kifuniko kikiwa kimefungwa na gasketi yake. Gasketi ikisahaulika kwenye kipimo, unene wake wote unageuka mchezo siku ya kufunga.

Tatizo linalojificha ni kifuniko chenyewe. Kile cha bati jembamba cha kiwandani kinabonyea. Unapima mchezo mzuri kabisa, injini ikikimbia batani inasukuma bati nje na mchezo unakuwa mara mbili. Weka geji nje ya kifuniko wakati msaidizi anasukuma kamshafti kwa ndani: mshale ukisogea, bati linabonyea. Weka kifuniko cha alumini ya kuyeyushwa, au kile chenye skrubu ya kurekebishia batani kwa nje. Bolti tatu za sproketi zikaze futi-paundi 18 hadi 20 (Nm 24 hadi 27), utie gundi ya nyuzi na kibati cha kuzifunga kama batani yako inakuja nacho.

Kinyume chake pia hutokea: unakaza sproketi na kamshafti inagoma kuzunguka kwa mkono. Mara nyingi batani ni ndefu, au kizibo cha nyuma cha kamshafti kimepigiliwa ndani mno kikaigusa. Ikigoma hata kabla ya sproketi, tazama beringi zake.

Dalili: unga wa chuma kwenye oili

Kata filta, ifungue karatasi yake na uitandaze juani. Pitisha sumaku. Jibu la sumaku ndilo linaloamua unapoanzia.

Unga wa rangi ya shaba usioshikwa na sumaku unatoka kwenye gia ya bronzi ya distribyuta, kama umeifunga. Bronzi inalika taratibu hata mambo yakiwa sawa, na ni kifaa cha kukaguliwa na kubadilishwa. Unga mweusi au wa fedha unaoshikwa na sumaku unaweza kuwa gia ya chuma cha kawaida inayoliwa na kamshafti ngumu. Kamshafti za rola za chuma kigumu kilichochongwa kutoka kwenye nondo hazipatani na gia ya kawaida ya distribyuta ya zamani, isipokuwa zile ambazo mtengenezaji amezipachika gia laini ya chuma cha kuyeyushwa kwa nyuma. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji swali moja: gia ya nyuma ya kamshafti hii ni ya chuma gani? Kamshafti ya chuma cha kuyeyushwa inatumia gia ya kawaida. Ya chuma kigumu inahitaji gia iliyotiwa ugumu maalumu kama zile za kiwandani za 1987 na kuendelea, au ya plastiki ngumu, au ya bronzi. Gia ikianza kuisha utaona taimingi ikichelewa polepole wiki hadi wiki, na unairudisha kwa kuzungusha distribyuta bila kujua kwa nini.

Gia sahihi nayo inakufa mapema kwa sababu mbili. Moja ni pampu ya oili ya presha kubwa pamoja na oili nzito ya 20W-50, kwani mzigo wote wa pampu unapita kwenye meno yale. Nyingine ni distribyuta kukaa chini mno baada ya bloku au hedi kuchongwa, ikaubana mhimili wa pampu. Distribyuta ikae yenyewe kwenye manifodi bila kulazimishwa na kibano. Isipokaa, ongeza gasketi au wosha chini yake.

Vipande vyembamba vinavyong'aa, au vijiti vidogo kama sindano, ni habari mbaya zaidi. Hizo ni beringi za rola za tapeti. Zima injini, usiiwashe tena. Tapeti iliyojizungusha ndani ya tundu lake husimamisha rola kukingama nundu, na hapo rola haizunguki tena, inachonga. Kwenye vifaa vya kiwandani, kagua kama kile kibati cha katikati kimebana kwa nguvu vishikio vyote vinavyozuia tapeti kujizungusha. Kama nundu zimechongwa hadi mgongo (upande wa duara usioinua vali) ukawa mdogo sana, tapeti zinashuka na vishikio vinapoteza mshiko. Kwenye tapeti zilizounganishwa, hakikisha viungo vimegeuzwa upande ambao mtengenezaji ameelekeza na havigusi bloku wala manifodi wakati tapeti iko juu kabisa. Zungusha krenki kwa mkono mara mbili ukitazama kila jozi.

Dalili: injini inakata kwenye mizunguko ya juu

Injini inavuta vizuri hadi mizunguko 4,500 au 5,000, kisha inabwabwaja kana kwamba inamisi. Plagi nzuri, mafuta yapo. Hizo ni springi. Tapeti ya rola ni nzito, na nundu yake inafungua na kufunga vali kwa kasi kuliko ya tapeti bapa. Springi za kawaida za zamani zinabana paundi 80 hivi vali ikiwa imefunga na paundi 200 ikiwa wazi. Rola ya haidroliki (inayojirekebisha kwa oili) ya gari la mtaani inataka paundi 110 hadi 140 ikiwa imefunga, na 280 hadi 350 ikiwa wazi. Vali zikielea, tapeti nazo zinapoteza mguso na nundu, kisha zinaigonga zinaporudi. Kwa hiyo usiendelee kuikanyaga gari kwa matumaini.

Ukibadilisha springi pima mambo matatu vali ikiwa wazi kabisa: nafasi kati ya koili iwe angalau inchi 0.060 kwa jumla, kofia ya springi iwe mbali na sili ya gaidi (mrija unaoongoza vali) kwa angalau inchi 0.050, na tundu refu la roka lisiguse stadi. Hilo la mwisho linasahaulika. Roka za bati za kiwandani zina tundu fupi. Waya wa inchi 0.060 upite kila upande. Hedi za Chevrolet ziitwazo Vortec, za 1996 na kuendelea, zinavumilia mwinuo wa vali wa inchi 0.470 hivi tu kabla kofia haijagonga gaidi.

Roka moja ile ile inayolegea kila wiki, huku nati yake ikiwa imejifunga vizuri, maana yake stadi inang'oka. Hedi nyingi za zamani zina stadi za kupigiliwa, na springi ngumu huzivuta nje kidogo kidogo. Weka rula juu ya vichwa vya stadi zote: iliyonyanyuka itaonekana. Hedi inatolewa, inakatwa uzi na kufungwa stadi za kukaza. Ukiongeza bamba za kuongozea pushrodi, tumia pushrodi zilizotiwa ugumu, na usichanganye bamba hizo na roka zinazojiongoza zenyewe. Vitu hivyo viwili vinapigana.

Dalili: presha ya oili imeshuka

Kama ilikuwa nzuri kabla ya kazi, kuna mlango umeuacha wazi. Nyuma ya sproketi ya kamshafti kuna vizibo vitatu vya njia za oili, na bloku iliyopelekwa kuoshwa hurudi bila hivyo. Kingine ni tapeti isiyolingana na bloku: mfereji wa oili wa pembeni ya tapeti ukitokeza nje ya tundu lake, juu au chini, oili inamwagika pale. Tazama kwa tochi tapeti ikiwa chini kabisa na ikiwa juu kabisa.

Wakati wa kujaza oili kabla ya kuwasha, usitumie bisbisi tupu kwenye drili. Mwili wa distribyuta ndio unaoziba njia ya oili inayopita tundu lake. Bila huo, upande mmoja wa tapeti haupati presha na geji inasoma chini. Chukua distribyuta ya zamani, toa gia na uzito wake, ndiyo iwe kifaa chako. Zungusha kwa mwelekeo wa saa mpaka oili itoke kwenye roka zote 16, ukigeuza krenki robo kila baada ya muda.

Dalili: haiwaki, inapiga mishindo

Alama mbili za sproketi zikitazamana, ya kamshafti ikiwa chini na ya krenki ikiwa juu, silinda inayotaka kuwaka ni namba 6, siyo namba 1. Distribyuta ikitiwa hapo kwa kuelekezwa namba 1, imepishana nusu mzunguko. Geuza krenki mzunguko mmoja kamili, kisha itie. Mpangilio ni 1-8-4-3-6-5-7-2.

Ikiwaka kisha ikakosa mafuta baada ya muda, na unatumia pampu ya mekanika, toa kile kijiti chake utazame ncha. Kwenye kamshafti ya chuma kigumu tumia kijiti chenye ncha ya bronzi. Baadhi ya kamshafti za rola hazina kabisa nundu ya pampu, na hizo zinahitaji pampu ya umeme.

Dalili: inatetemeka kwenye mzunguko wa chini, pedali ya breki ni ngumu

Funga geji ya vakyumu kwenye manifodi. Kamshafti yenye muda mrefu wa kufungua inashusha vakyumu, na buta ya breki (kisaidizi cha pedali kinachotumia vakyumu) inaanza kulalamika ikiwa chini ya inchi 15 za zebaki. Kabla ya kuilaumu kamshafti, ongeza taimingi ya mwanzo. Digrii 6 au 8 za zamani hazitoshi. Jaribu 12 hadi 16, kisha urekebishe distribyuta ili jumla isipite 34 hadi 36. Mara nyingi vakyumu inapanda inchi kadhaa kwa hatua hiyo peke yake, na skrubu ya kabureta inaweza kurudishwa.

Kabureta ya Holley ina vali ya nguvu ambayo kwa kawaida hufunguka vakyumu ikishuka hadi 6.5. Injini yenye vakyumu ya 9 inaigusa kila unapowasha taa au kuingiza gia, inamwaga petroli na kutoa moshi mweusi. Weka iliyo na namba karibu na nusu ya vakyumu unayosoma: kwa 9, ni 4.5. Breki zikiwa bado ngumu baada ya hapo, funga pampu ya umeme ya vakyumu kwa ajili ya buta, na gari lisiingie barabarani mpaka pedali irudi kuwa laini.